Mshale ukilala kwenye E

"Hapo bado una kilomita hamsini," ndivyo utakavyoambiwa na madereva wengi pale Mwembe Tayari, Mombasa, taa ya mafuta ikiwaka. Wengine huapa kwamba gari lina tangi la pili la akiba. Gari la kawaida halina. Nahisi imani hiyo ilitoka kwenye pikipiki: bodaboda nyingi zina koki chini ya tangi, ukiigeuza inavuta mafuta ya chini kabisa. Hata huko, tangi ni lile lile moja.

Ndani ya tangi la gari mna boya dogo kwenye mkono wa waya. Mafuta yakishuka, boya hushuka, na mshale hufuata. Ukisimama kwenye mteremko wa kushukia feri ya Likoni, mafuta hukimbilia upande mmoja na boya hudanganyika; ukifika tambarare mshale huenda ukapanda, ukadhani umebarikiwa.

Kwa kawaida hubaki mafuta kidogo mshale ukigusa E (alama ya tangi tupu), ila kiasi hutofautiana gari kwa gari. Tuseme zimebaki lita 5, na gari lako hula lita 10 kwa kilomita 100. Hamsini hiyo ipo, barabara ikiwa wazi. Kwenye foleni ya feri, injini inanguruma na kiyoyozi kinavuma, mafuta yanakwisha nawe hujasogea hata mita.

Tena pampu ya magari mengi ya petroli huzama ndani ya tangi na hupozwa na mafuta yenyewe. Ikizoea kuvuta hewa hufa mapema, na bei yake si ya zile lita mbili ulizoonea uchungu kununua.