“Itifaki imezingatiwa”: na nani, lini?

Kila hafla ina mtu anayeshika kipaza sauti, akatupia jicho meza kuu, akaona orodha ya wakubwa ni ndefu na chakula kinapoa, basi akamaliza kwa maneno mawili: “Itifaki imezingatiwa.” Ukumbi mzima hushusha pumzi. Mimi huwa nimesimama kule nyuma, karibu na mlango wa jikoni, karatasi ya mpangilio mkononi, nacheka kimoyomoyo. Kama imezingatiwa kweli, basi ilizingatiwa jana usiku, nilipokuwa nabishana na watu wa ukumbi kwamba viti vya meza kuu havilingani urefu.

Wengi hudhani sisi watu wa itifaki kazi yetu ni kuwanyenyekea wakubwa. Kwenye diplomasia mimi naona ni kinyume: kanuni nyingi zipo ili mkubwa asipate pa kuutumia ukubwa wake.

Chukua suala la nani atangulie. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia inasema wakuu wa balozi walio daraja moja hufuatana kwa tarehe na saa walizoanza kazi. Hakuna anayeuliza nchi yako ina manowari ngapi au imetoa msaada kiasi gani. Nchi nyingi huhesabu tangu balozi alipokabidhi hati zake za utambulisho kwa mkuu wa nchi. Ndiyo maana mabalozi watatu wakija Ikulu asubuhi moja, kila mmoja huingia kwa zamu yake. Aliyetangulia kwa nusu saa leo, atatangulia kwenye kila foleni mpaka mmoja wao arudishwe kwao.

Aliyekaa muda mrefu kuliko wote ndiye kwa kawaida huwa kiongozi wa mabalozi, ingawa zipo nchi ambazo humpa nafasi hiyo balozi wa Papa. Hapa Tanzania imewahi kushikwa na balozi wa Comoro. Visiwa vile, ambavyo wengi wetu tunavijua kwa karafuu na jamaa wa Ngazija, mwakilishi wake akasimama mbele ya yule wa Marekani na yule wa China, akazungumza kwa niaba yao. Hakuna aliyenuna, kwa sababu kalenda haina wa kumlaumu.

Kabla ya hapo watu waliuana. London, mwaka 1661, balozi mpya wa Sweden anawasili. Desturi ilikuwa mabalozi wengine wapeleke magari yao ya farasi yakamsindikize. Sasa gari la nani litafuata nyuma ya lile la mfalme wa Uingereza? Uhispania ikasema langu, Ufaransa ikasema langu, na kila upande ukaja na watu wenye silaha. Wahispania walikuwa wamejipanga: kamba za kukokotea gari lao zilikuwa minyororo ya chuma iliyofunikwa ngozi, upanga usiweze kuzikata. Mapigano yakaanza palepale barabarani. Farasi wa Wafaransa wakauawa, watu wakafa, gari la Uhispania likapita. Louis wa 14 alipopata habari akatishia vita, na mwaka uliofuata Uhispania ikampeleka mjumbe kwake akatamke kwamba mabalozi wake hawatashindania tena nafasi na wale wa Ufaransa. Yote hayo kwa ajili ya foleni ya magari! Ilibidi wasubiri mpaka mkutano wa Vienna wa 1815 ndipo wakakubaliana kufuata tarehe ya kuwasili.

Upande wa bendera, nina kovu langu mwenyewe. Bendera ya Côte d'Ivoire, ukianzia mlingotini, ni rangi ya chungwa, nyeupe, kijani. Ya Ireland ni kijani, nyeupe, chungwa. Sasa kibendera cha mezani ukikigeuza kikatazama nyuma, umeshabadilisha nchi. Asubuhi moja nilikuwa nimefanya hivyohivyo. Balozi akafika kwenye kiti chake, akakitazama kibendera, hakuketi. Hakusema kitu pia. Alifungua jalada lake akaanza kusoma akiwa wima, na jirani zake waliokuwa wanataka kukaa nao wakabaki wima. Nilivuka ule ukumbi nikiuona mrefu kama uwanja wa mpira. Nikakigeuza, nikamwomba radhi kwa Kifaransa changu cha kuunga-unga. Akatabasamu, akaketi. Nilipata msamaha wa bei rahisi. Huko Glasgow, kwenye Olimpiki ya 2012, waandaaji walionyesha bendera ya Korea Kusini kando ya wachezaji wa Korea Kaskazini. Akina dada wale walitoka uwanjani, na mechi ikachelewa zaidi ya saa nzima.

Na kuna kile kisa cha Ankara, Aprili 2021. Viongozi wawili wa Umoja wa Ulaya, Charles Michel na Ursula von der Leyen, wanaingia kwa Rais Erdoğan. Viti viwili tu mbele ya bendera. Wanaume wakakaa, mama akabaki amesimama katikati ya chumba, kisha akaelekezwa kwenye sofa ya pembeni. Uturuki ikasema mpangilio ulifuata maombi ya wageni wenyewe. Watu wa itifaki wa upande wa Michel wakasema hawakupewa nafasi ya kukiona chumba kile mapema.

Hapo ndipo niliposikia maumivu ya wenzangu. Karatasi inaweza kuwa safi kabisa, lakini kiti hakikai kwenye karatasi. Siku hizi naomba ufunguo wa ukumbi usiku wa kuamkia mkutano. Nakaa kwenye kila kiti kwa zamu, natazama bendera kwa macho ya atakayekikalia. Mlinzi wa zamu ameshanizoea. Huchungulia mlangoni na tochi yake, akaniuliza: “Shikamoo mzee, saa hizi umekuwa balozi wa wapi?”