Ukikandwa mpaka ulie haimaanishi ndo umepona

Kwenye kitengo chetu cha fiziotherapia hatukosi mtu anayelala kitandani na kabla hata hujamgusa anakwambia "kanda kwa nguvu mpaka nisikie", usipomuumiza anaondoka anaona kama umempunja. Jamani tuelewane hapa. Msuli unaouma ukiubana kupita kiasi unajikaza zaidi maana mwili unajilinda, anayekanda naye akiona umekaza anaongeza nguvu, basi mnashindana hapo na kesho unaamka damu imevilia mgongo mzima. Kipimo chake ni rahisi tu, iwe inauma lakini unaisikilizia raha, unapumua vizuri na unaweza kupiga stori bila kukunja uso.

Kukanda kunasaidiaje? Ule mguso unapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongo na kuyafifisha maumivu, ndo maana ukijigonga kiwiko unajikuta unakisugua na hakuna aliyekufundisha. Msuli unalegea, mtu anapata usingizi. Ila nafuu yake mara nyingi ni ya muda, na huo muda ndo wa kuanza mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha msuli, sio unarudi kukaa vile vile ulivyokuwa unakaa shingo ikaharibika.

Alafu hili la kusema masaji "inatoa asidi" kwenye misuli tuliache. Hiyo asidi inayosemwa mwili unaiondoa wenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, wakati yale maumivu ya kushindwa kushuka ngazi yanakuwa makali kati ya saa 24 na 72, na yanatokana na michaniko midogo midogo kwenye msuli ambao haukuzoea ile kazi. Kukandwa taratibu kunayapunguza kiasi, na hata usipokandwa yanaisha ndani ya wiki.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Mguu mmoja umevimba, shavu la mguu linauma, lina joto kuliko la upande wa pili, na labda umetoka kufanyiwa upasuaji au kujifungua, au umesafiri masaa mengi umekaa tu, USIKANDWE. Hiyo inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, na bonge likichomoka linaweza kwenda kuziba kwenye mapafu, na mtu anaweza kufa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.

Paja likipigwa teke likavilia damu nalo msilisugue, siku za mwanzo hasa, maana kulikandamiza kunaweza kufanya mfupa uote ndani ya nyama, sitanii. Panapohisiwa kuvunjika ndo kabisa msiguse. Mbele ya shingo hapabanwi, pana mishipa mikubwa ya damu. Na kama mgongo unauma huku katikati ya mapaja kumekufa ganzi au mkojo haushikiki, au umefanya mazoezi makali mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, hayo sio ya mkandaji, ni ya daktari, na ni haraka.

Mengine kandeni tu nyumbani, mafuta kidogo, tumieni kiganja badala ya kuchoma na kidole gumba, dakika 10 zinatosha. Ila kama unatumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda mwambie anayekukanda kabla hujavua shati, wengi wanakumbuka kusema wakishavimba.