Maana ya utetezi wa sera

Utetezi wa sera, ambao katika asasi za kiraia nchini Tanzania huitwa pia uchechemuzi, ni kazi iliyopangwa na inayodumu ya kuwashawishi wenye mamlaka watunge, wabadili au watekeleze sera, sheria au bajeti fulani. Uzito wa maana hiyo uko kwenye kudumu. Tamko kwa waandishi wa habari, maandamano ya siku moja na hata kesi mahakamani ni nyenzo tu za kazi hiyo.

Suala la umri wa kuolewa linaonyesha hivyo vizuri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa mvulana kuwa miaka 18, lakini msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na mahakama iliweza kutoa idhini kuanzia miaka 14. Baada ya watetezi wa haki za wanawake kuipinga kwa miaka mingi, mwanasheria Rebeca Gyumi alifungua shauri, na tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufani, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali.

Hapo ndipo wengi hudhani mambo yamekwisha, na kwa maoni yangu ndipo asasi nyingi hukosea hesabu. Mahakama haitungi sheria. Muswada huandaliwa na wizara, hupita Baraza la Mawaziri, kisha hufika kwenye kamati ya Bunge inayosikiliza wadau, wakiwamo viongozi wa dini wenye hoja zao nzito. Mwaka mmoja ulipita tangu hukumu ya rufani bila marekebisho, na Oktoba hiyohiyo ya 2020 ukafanyika uchaguzi mkuu, kwa hiyo si wabunge wote waliokwisha kuelimishwa na wakaelewa suala hili waliorudi bungeni. Mtetezi hulazimika kuandaa upya uchambuzi wa kifungu kwa kifungu, kuwatafuta wajumbe wapya wa kamati na kuzungumza na mashehe na maaskofu kabla hawajaitwa Dodoma kutoa maoni. Kazi isiyopigwa picha, na ambayo mradi wa miaka miwili, kama ilivyo mingi ya wafadhili, hauwezi kuimaliza.