Kaskazi Haipashi Kilele Joto

Vijana wengi wa hapa Lamu wanaopanga kwenda Mlima Kenya hungoja Januari na Februari, kisha huacha makoti nyumbani wakisema kaskazi ni msimu wa joto. Miezi wamechagua vizuri, ila faida yake ni ukavu, si joto. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban digrii 6, na Pointi Lenana, kilele wanachofikia wapandaji wa kawaida, ina mita 4,985. Usiku maji huganda chupani, mwezi wowote ule.

Kinachobadilika ni upande wa jua, na hapa nawaomba wapandaji wa miamba wasikilize kwa makini. Mlima uko karibu na ikweta. Kuanzia Juni hadi Septemba jua huwa limeelekea kaskazini, hivyo kuta za kaskazini za Batian, kilele kirefu kuliko vyote mlimani, hukauka huku za kusini zikishika barafu. Desemba hadi Machi mambo hugeuka, na njia ya kawaida ya Nelion, kilele jirani cha Batian, iliyo upande wa kusini-mashariki, ndiyo hupandika.

Masika ahirisheni, mwamba uliolowa ni hatari. Na makoti, glavu na kofia za sufu bebeni, iwe kaskazi au kusi.