Kutu na maji kwenye gari la kizamani: mambo tunayodanganyana

Watu wengi wenye magari ya kizamani tunapigana na kutu weee, lakini maji yenyewe tunayaacha yanaendelea kuingia. Ukiona kutu ujue hapo maji yalishakaa siku nyingi, kutu ndo mwisho wa stori. Na kuna maneno tunaambiana mpaka yamekuwa kama sheria, mengine na mimi niliyaamini yakanitoa jasho, kwa hiyo leo tuyapitie.

"Ni kakipele tu kwenye rangi, ntapiga msasa nipake."

Hii inaongoza. Rangi ikianza kuvimba mara nyingi kutu imeanzia upande wa ndani wa bati, ule usiouona, imekula taratibu ndo sasa imetokeza kukusalimia. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndo maana inanyanyua rangi, na pale mabati mawili yalipobanana inaweza hata kuyatanua. Chukua bisibisi, gonga kwa mpini kuzunguka hako kakipele: bati zima linalia vizuri, lililooza linatoa sauti imekufa. Halafu sukuma kwa ncha. Ikipita, msasa weka pembeni. Kumbuka bati la bodi lina unene wa kama milimita 1 tu na mara nyingi haifiki hata hapo, sasa hapo kuna nini cha kusugua?

"Tundu dogo linazibwa na fila."

Fila, ile pati ya kujazia bodi inayopakwa laini ikaganda, kazi yake ni kusawazisha kibonde juu ya bati zima lililokauka. Ndani yake kuna unga wa talki, inanyonya unyevu. Ukiikandika juu ya tundu, maji ya upande wa nyuma yanaingia ndani ya fila na yanakaa humo humo yakigusa bati, yaani umeifugia kutu sponji. Inapendeza miezi kadhaa halafu siku moja inabanduka kama gamba. Ukienda kununua gari beba kasumaku kadogo ukafunge kitambaa kasichane rangi, pitisha chini ya milango na kwenye matao ya matairi, pale kanapokataa kushika ujue kuna jambo (isipokuwa bodi iwe ya faiba au aluminiamu, usije ukamkosea mtu heshima).

Njia ya kweli ni kukata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, unakata kiraka cha bati la unene ule ule, unachomelea kwa vitone vitone, kitone huku kingine kule, unaacha kipoe. Fundi anayekimbiza mstari mmoja mrefu kwa pupa atakupa bati limejikunja kama karatasi iliyolowa. Kabla ya cheche yoyote chomoa betri, toa kapeti na viti, jua tangi la mafuta na mipira yake viko wapi, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu.

Na kama kilichooza ni yale maboksi ya chini ya milango, usikate tu. Kwenye magari mengi yasiyo na chasisi (fremu ya chini) ya peke yake hayo ndo yanabeba bodi, MGB, kale kagari ka michezo ka Kiingereza, ni mfano mzuri, na hata VW Beetle ile mifereji ya kupitisha hewa ya moto pembeni ni sehemu ya nguvu ya bodi yake. Ukikata bila kufunga vyuma vya kushikilia bodi, gari linalegea katikati, ukimaliza kuchomelea milango haifungi.

"Nimeshapaka praima, iko salama."

Praima ni ile rangi ya kwanza ya chini, na inategemea ni ipi. Praima nyingi za kawaida zinapitisha unyevu, zimetengenezwa kushika rangi ya juu basi. Gari lililokaa na praima ya kijivu miezi sita nje linaotea kutu chini yake na wewe unaliangalia hivi hivi. Epoksi praima ndo inaziba kweli, na ipakwe siku hiyo hiyo bati limesafishwa, maana chuma kitupu kwenye hewa yenye unyevu hakisubiri kesho.

"Dawa ya kutu inarudisha chuma."

Chuma kilicholiwa kimeliwa. Dawa hizi nyingi zina asidi ya fosforiki au tanini, zinabadilisha kutu ya juu kuwa kitu kilichotulia kinachoweza kupakwa rangi. Ni nzuri kwa kutu nyepesi iliyobaki kwenye vishimo, ila magamba uyatoe kwanza, na katikati ya maungio haifiki vizuri.

Ndugu yake ni ile lami nyeusi ya kupaka chini. Juu ya bati safi haina shida, juu ya kutu umefunika tatizo na unyevu wake, halafu ikizeeka inakauka na kupasuka, maji yanaingia nyuma yake na hayatoki. Mimi kwenye maboksi na mashimo ya ndani napulizia nta maalumu, inatambaa mpaka kwenye maungio.

"Land Rover haishiki kutu, ni aluminiamu."

Mabati ya nje ya zile za zamani, kweli. Chasisi na ule ukuta wa mbele kati ya injini na miguu yako ni chuma, vinaoza kama kawaida. Mbaya zaidi pale aluminiamu inapogusana na chuma halafu maji yakaingia kati, aluminiamu yenyewe inaanza kuliwa inatoa unga mweupe.

"Raba ya kioo inavuja? Jaza silikoni."

Hapa nililia mwenyewe. Nilijaza silikoni kuzunguka kioo cha mbele nikajiona fundi. Ile inayonuka siki wakati inakauka inatoa asidi, na asidi na bati hawakai chumba kimoja. Nilipokuja kutoa kioo, ukingo wote ulikuwa mwekundu, na rangi mpya haikutaka kushika popote silikoni ilipogusa. Kuna gundi maalumu za vioo zisizoganda, tumia hizo, na raba ikishakuwa ngumu kama gome inunuliwe nyingine.

"Mlango unaingiza maji, raba zimekufa."

Mlango unaingiza maji tangu ukiwa mpya! Maji yanashuka na kioo, yanapita ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini. Kuna karatasi ya plastiki nyuma ya kava la ndani inayozuia yasije kwako, fundi wa kioo au wa spika akiichana akaacha hivyo, kapeti inalowa. Vitundu vikiziba kwa majani na vumbi mlango unakuwa ndoo, unaoza kuanzia chini. Chokonoa kwa waya, dakika mbili tu.

"Maji yapo miguuni kwa dereva, basi yanaingilia hapo."

Maji yanasafiri bwana. Yanaingia kwenye kona ya kioo, yanafuata waya au mkunjo wa bati, yanadondokea mbali kabisa. Toa kapeti, kausha, muweke mtu ndani na tochi, wewe nje na mpira wa maji bila presha, anza chini panda juu polepole, sehemu moja moja. Ukianzia juu utalowesha kila kitu na hutajua ni wapi.

Na kama sakafu inalowa hata siku za jua, kioo cha mbele kinaota ukungu wa mafuta mafuta na kuna harufu tamu tamu, acha kulaumu raba. Hiyo ni rejeta ndogo ya hita inavuja kulanti, yale maji ya dawa ya kupoozea injini. Nusa tu, usionje, ni sumu.