Stage: neno la kusimama kabla ya kuwa neno la kuigiza

Nimelisikia mara nyingi mno, na juzi tena pale Kondele, Kisumu: kwamba kuita mahali pa kupandia matatu "stage" ni Kiingereza kibovu cha Wakenya. Walimu wanalizungushia wino mwekundu kwenye insha za watoto. Wengine wanaenda mbali zaidi, wanaeleza kwa uhakika kamili kwamba stage ni pale waigizaji wanapochezea, basi Wakenya walichukua neno la mchezo wa kuigiza wakalibandika barabarani kwa sababu ya kelele na vituko vya makanga, wale wanaokusanya nauli. Maelezo hayo yanachekesha, lakini si kweli, na mtoto anayekatwa alama kwa sababu yake anaonewa.

Maana yenyewe haina ugumu. Stage ni mahali pa kusimama, na pia ni kipande cha safari au cha jambo kilicho kati ya kusimama kumoja na kwingine. Kutoka hapo ndipo tunapata jukwaa la waigizaji, hatua ya mradi, hatua ya ugonjwa, sehemu za roketi zinazowaka moja baada ya nyingine, na steji yetu ya matatu.

Shina lake ni Kilatini, kitenzi "stare", yaani kusimama. Wafaransa wa zamani walikuwa na neno "estage" lililotokana nalo, wakimaanisha makao, au ghorofa ya jengo. Wanormani waliposhinda Uingereza mwaka 1066 walikwenda na lugha yao, na maelfu ya maneno yao yakaingia Kiingereza katika karne zilizofuata, hili likiwa mojawapo. Huko nako lilianza na maana ya ghorofa na ya sakafu iliyoinuliwa. Jukwaa la mwigizaji likaitwa stage kwa sababu ni sakafu iliyoinuliwa ambayo mtu husimama juu yake. Kuigiza kulikuja baadaye. Wafaransa wa leo bado wanaita ghorofa "étage". Na ukikutana na mwanafunzi wa Kongo akikuambia yuko kwenye stage, usitafute jukwaa wala matatu: kwa Kifaransa hayo ni mafunzo ya kazini, yale sisi tunayoita atachimenti.

Sasa barabara. Uingereza ya karne ya 17 ilikuwa na magari ya farasi yaliyobeba abiria kati ya miji. Farasi anayevuta gari lililojaa watu na mizigo hachukui muda mrefu kabla ya kuchoka, kwa hiyo kila baada ya kilomita kumi na tano, ishirini au zaidi kidogo, gari lilisimama kwenye nyumba ya wageni. Farasi waliochoka wakafunguliwa, waliopumzika wakafungwa, abiria akanyoosha miguu na kula kitu. Pale mahali paliitwa stage. Umbali wa kutoka pale hadi pengine pa kubadilishia farasi nao uliitwa stage. Gari lenyewe likaitwa "stagecoach", maana yake gari linalokwenda stage kwa stage. Hakuna mwigizaji hata mmoja katika habari hii.

Reli iliyaua magari hayo Uingereza kuanzia miaka ya 1830, lakini neno halikufa nayo. Sheria ya mwaka 1832 huko ilizungumzia "stage carriage", gari la abiria ambapo kila mmoja hulipa nauli yake, na sheria ya barabara ya mwaka 1930 ikalitumia jina hilohilo kwa mabasi ya injini. Njia ya basi iligawanywa katika vipande vya nauli, na kila kipande kiliitwa "fare stage". Kampuni ya Kenya Bus ilipoanza kazi Nairobi mwaka 1934, huo ndio uliokuwa msamiati wa usafiri wa Waingereza. Sioni sababu ya kutafuta asili nyingine mbali wakati hii iko wazi mbele yetu.

Panda gari la Nakuru kwenda Kisumu uone maana zote mbili zikifanya kazi. Makanga amekunja noti kwa urefu, amezibana katikati ya vidole, na swali lake ni moja: "Unashuka wapi?" Hakuulizi kilomita. Kericho ina nauli yake, Awasi yake, Ahero yake. Ukitaka kushuka katikati ya Awasi na Ahero, kuna uwezekano mkubwa utalipa ya Ahero, kwa sababu hicho kipande umeshakianza. Halafu anagonga bodi la gari na kumwambia dereva, "Steji iko mtu!" Nauli inafuata stage ya umbali, dereva anasimama kwenye stage ya mahali. Msafiri wa farasi wa miaka mia tatu iliyopita angeelewa utaratibu huo bila kuelezwa.

Nashangaa hata zaidi kwamba wanaoicheka steji hawaicheki stesheni. Ni ndugu wa damu. "Station" nayo imetoka kwa "stare" ileile. Na ukisafiri kusini kupita Kisii na Migori, ukavuka mpaka Isebania na kuingia Sirari, steji inageuka kuwa stendi. Watanzania wamechukua "stand", neno ambalo halikupitia Kilatini, ila mizizi yake ya kale kabisa ni ileile ya kusimama. Kwa hiyo pande zote mbili za mpaka tunasema jambo moja.

Kosa la kweli liko kwingine, kwenye tafsiri. Nimeona tangazo la Kiswahili likiwaelekeza watu kwenye "jukwaa la magari". Aliyeandika alifungua kamusi, akachukua maana ya kwanza, akaondoka. Kiswahili kina neno lake hapa, nalo ni zuri kupita la Kiingereza: kituo. Limetokana na kutua, kama mchukuzi anavyotua mzigo kichwani, kama ndege anavyotua mtini. Kituo ni mahali pa kuweka chini ulichobeba. Aliyesoma ushairi analijua pia kama mshororo wa mwisho wa ubeti, pale msomaji anapopumua.

Hospitalini neno stage linahitaji uangalifu zaidi, na sheng haitoshi. Mtu akiambiwa kansa yake ni "stage four", watu husikia kana kwamba ametajiwa siku zilizobaki. Daktari anazungumzia ugonjwa umeenea hadi wapi mwilini, na stage ya nne mara nyingi maana yake umefika viungo vya mbali na pale ulipoanzia. Ni habari nzito, lakini inaeleza mahali ugonjwa ulipofika. Muda ni swali jingine, na mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari swali hilo peke yake.

Kwa walimu wenzangu wa lugha, ombi langu ni dogo. Ni kweli Mwingereza wa leo husema "bus stop", na mtoto anayeandika barua kwenda London afundishwe hivyo. Mwambieni tu kwamba kule wanasema vile na hapa tunasema hivi, bila wino mwekundu. Na steji kuu ya mji, pale magari yanapoishia na kugeuza, ikihitaji neno la Kiingereza la darasani, hilo ni "terminus". Katika insha ya Kiswahili aandike kituo cha matatu.