Blanketi halimpi mjusi joto

Baadhi ya wanaofuga mijusi katika nchi za baridi, kama Uingereza, huamini kwamba nyumba ikipoa usiku inatosha kufunika tangi, yaani sanduku la kioo anamoishi mjusi, kwa blanketi. Wazo hilo linaeleweka, kwani sisi wenyewe tukijifunika hupata joto.

Ila blanketi halitengenezi joto, huzuia tu lililopo lisipotee upesi. Mwili wa binadamu huzalisha joto lake. Wa mjusi hutegemea la nje. Mjusi mwenye madoa kama ya chui (leopard gecko), ambaye asili yake ni sehemu kavu za Pakistani, Afghanistani na kaskazini-magharibi mwa India, huhitaji sakafu ya upande mmoja wa tangi iwe na nyuzi joto takribani 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili 24 hivi, achague mwenyewe. Akikosa joto, chakula hakisagiki vizuri tumboni, naye huweza kuacha kula na kukonda. Inasikitisha, maana mara nyingi mfugaji wake anampenda kweli.

Jaribu mwenyewe: funga kipimajoto ndani ya blanketi, ukiache usiku kucha katika chumba cha baridi. Asubuhi kitasoma karibu sawa na chumba. Ndani ya tangi, pima sakafu anapolala, si kioo cha pembeni.

Joto hutoka kwenye mkeka wa umeme au taa maalumu, vyote vikiunganishwa na themostati, kifaa kinachodhibiti joto, ili mjusi asiungue. Taa ikiwa inawaka, usiifunike kwa blanketi kamwe. Linaweza kushika moto.